Shuka la Buluu Nyuma ya Mizabibu

Magesa alinipigia simu asubuhi nikichuja chai, hapa Manyamanyama, na kwa kuwa hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi alianza kwa kujitambulisha, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama bado ina watu. "Dada Picha, ni mimi, Magesa wa Bukima. Yule mkorofi wa mbuzi." Nikacheka kabla sijajua kwamba sikupaswa kucheka. Akasubiri nimalize, kisha akasema, "Shemeji ametutoka. Jana alfajiri." Shemeji yake alikuwa Mama Nyabwire, mjane wa kaka yake, mwanamke niliyekaa kwake mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nikipiga picha zabibu zake. Nikazima jiko. "Mazishi Jumamosi," Magesa aliendelea. "Sasa tunatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tuliyonayo ni ile ya kitambulisho tu, na ile hataki." Alisema hataki, hakusema hakutaka. "Walimvuaga kilemba, unakumbuka? Ametokea kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Wewe ulipigaga picha hapa mwaka mzima. Lazima yumo."

Nilimwambia yumo. Nilisema haraka, kwa uhakika, na nilipokata simu nikaenda kuivuta kompyuta yangu ya zamani kutoka chini ya kitanda, nikaifuta vumbi, nikaichomeka kwenye umeme na kusubiri iamke. Picha zilikuwamo zote, maelfu, zimepangwa kwa mistari ya shamba kama nilivyoziacha. Nikaanza kuzipitia. Katika kila picha kuna mzabibu mmoja, na nyuma ya mzabibu kuna shuka la buluu lililovutwa likakazwa, na kwenye kila pembe ya juu ya shuka kuna vidole vinne. Chini ya shuka kuna miguu miwili ndani ya viatu vya mpira, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Hiyo ndiyo picha, na inayofuata ni hiyo hiyo, na ya mia ni hiyo hiyo. Mwaka mzima nilikula chakula cha mwanamke yule, nikalala chini ya bati lake, na kila siku ya kazi nilimsimamisha nyuma ya shuka ili asionekane.

Kazi yenyewe niliipata Musoma, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kutoa fotokopi, ambako mtu aitwaye Erasto alikuwa na kompyuta mbili, feni iliyolia kama mbuzi mdogo, na programu ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiijaribu. Programu ile ilitazama picha ya mzabibu ikachora duara dogo la njano kuzunguka kila punje iliyoiona. Kwa wingi wa maduara ilikisia uzito wa mavuno, na kwa rangi ya punje ilisema zimeiva kiasi gani. Shuka la buluu lilikuwa la kuisaidia isichanganye zabibu za mstari huu na za mstari wa nyuma. Kifuniko cheupe cha ndoo, nilichokitundika kila mara kwenye waya unaoshikilia mizabibu, kilikuwa cha kuiambia ukubwa wa vitu. Erasto alinieleza yote hayo kwa mchana mmoja, akiandika nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Niletee picha," aliniambia. "Hadithi utanisimulia tukimaliza."

Nikapelekwa Bukima kwa sababu ndiko kulikokuwa na mizabibu. Marehemu mume wa Mama Nyabwire alikuwa amerudi na vijiti kutoka Dodoma, vimefungwa kwenye gunia bichi, watu wakamcheka njia nzima kutoka barabarani hadi ziwani. Nilipofika mimi vijiti vilikuwa shamba, mistari kumi na minne, ikinyweshwa kwa pampu kutoka ziwani, katikati ya mawe makubwa yale ya huku kwetu ambayo mtu hajui nani aliyapanga. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya dagaa. Magunia yalikuwa yametolewa lakini harufu ilikuwa imekataa kuhama, ikaingia kwenye nguo zangu, kwenye daftari, mpaka Erasto akawa ananiambia, nikileta picha Musoma, "Kaa karibu na feni." Dirisha lilikuwa dogo, la mbao, na ukilifungua ulikuwa na mizabibu usoni. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jiko, na ukuta ule haukufika kwenye bati, kwa hiyo maneno ya jikoni yalipanda, yakaruka, yakanishukia kitandani.

Ndivyo nilivyojua jambo lililokuwa likimsumbua yule mama. Magesa alikuwa amekuja asubuhi moja na samaki wawili, ningu, akaketi kwenye kigoda, na baada ya salamu ndefu akaanza. "Shemeji, mimi siyo adui yako. Lakini ukoo unauliza. Hili tunda gani, watoto wanakula wanabaki na njaa?"

"Mbona kanisani linawashibishaga?"

"Kule ni padri anakunywa. Sisi tunaangaliaga tu."

Nikasikia Mama Nyabwire akicheka, kisha akaacha kucheka. Magesa akasema walichokubaliana: wangengoja mavuno ya mwaka huu. Kiwanda kimoja cha mvinyo kilikuwa kimesema kitatuma lori hadi Bukima ikiwa makisio yataonyesha mzigo wa kujaza angalau nusu ya lori. Lori likija, mizabibu inabaki na ukoo unanyamaza. Lisipokuja, wanang'oa, wanapanda muhogo. "Muhogo hausubiri lori," alisema. Mama Nyabwire akajibu taratibu, "Sawa, shemeji. Na huyu binti ndiye atakayesema lori lije?" Magesa akasema hapana, ni simu yake. Mimi kitandani nikaitazama simu yangu iliyokuwa ikichajiwa kwenye betri ya sola, kitu kidogo, kimepasuka kioo pembeni.

Sasa ninapoandika haya naona kwamba toka asubuhi ile sikuwa tena mpiga picha. Nilikuwa upande mmoja. Mtu akikulisha ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, akakuchagulia wasio na miiba mingi akidhani humwoni, huwezi kumhesabia mali yake kwa moyo wa jiwe. Tulifanya kazi kuanzia jua lilipokuwa bado laini. Mimi mbele na simu, yeye nyuma na shuka. Kwa kuwa hatukuonana, tuliongea sana. Alinisimulia mambo ya jumuiya yao ya kanisani, ya mwanakwaya aliyesinzia akaanguka na kinanda, ya jinsi afisa wa kitambulisho alivyomwambia avue kilemba masikio yaonekane. "Nikamwambia, baba, masikio yangu yanasikia hata ndani ya kilemba. Akasema, serikali lazima iyaone. Basi nikavua. Lakini nilijisikia kama niko uchi mbele ya Musoma nzima." Sauti ilitoka kwenye shuka, buluu tupu, na vidole vinne vikakaza kila upande.

Siku moja, mwanzoni mwa kiangazi, Erasto alinituma nifanye jambo ambalo programu ilihitaji. Majani huficha vichala, na kamera haioni kilicho nyuma ya jani. Kwa hiyo nilichagua mizabibu kumi, nikaipiga picha ikiwa na majani, kisha nikayachuma majani yote na kuipiga tena. Ikaonekana kwamba nusu ya vichala vilikuwa vimejificha. Tukawa na kanuni: kinachoonekana, zidisha mara mbili. Mama Nyabwire alisimama kando akitazama ile mizabibu kumi iliyovuliwa. "Kwa nini unaichuma?" aliniuliza. Nilikuwa na haraka, mikono imejaa utomvu na vumbi. Nikamjibu kwa kifupi, na jibu lile nimelibeba hadi leo: "Mama, hii mashine inahesabu inachokiona tu." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa, kwa sababu aliwahi kusikia maneno kama hayo.

Jumamosi nililala nyumbani Bunda, nikarudi Jumatatu kwa pikipiki. Kabla sijashuka niliwaona mbuzi wa Magesa, wamesimama barabarani matumbo yameumuka kama ngoma, hawataki hata kupisha njia. Kisha nikaliona shamba. Lilikuwa limebadilika rangi. Mistari yote kumi na minne ilikuwa waya, vijiti na vichala, majani hayakuwepo. Wanawake wa jumuiya walikuwa wameyachuma Jumamosi kutwa, na Jumapili baada ya misa wakamalizia, wakayabeba kwa magunia mpaka kwa mbuzi. Mama Nyabwire alinipokea kwenye mlango wa shamba akiwa na gauni lake la kanisani na kilemba cha zambarau, shuka la buluu limefuliwa na kukunjwa juu ya mkono wake. "Tumewaandaa," alisema. "Kama mtu wa kitambulisho. Wakitaka masikio, wayaone yote."

Naikumbuka furaha ya uso ule. Nikapiga picha. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila kichala kilining'inia peke yake mbele ya buluu, safi, kama kimechorwa. Mchana nikaketi chumbani nikaziingiza kwenye kompyuta. Maduara ya njano yakamiminika. Programu ikajumlisha, kisha, kama ilivyofundishwa, ikazidisha mara mbili kwa ajili ya vichala vilivyofichwa na majani ambayo sasa yalikuwa matumboni mwa mbuzi. Ikatoa mzigo wa lori zima. Nusu ya lori iliyotakiwa ilikuwa imepitwa kwa mbali. Nilijua palepale. Sitajitetea kwamba nilikuwa mgeni wa kazi. Kanuni ile niliiandika kwa mkono wangu. Lakini upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa wakimsifu Mama Nyabwire, mmoja akisema, "Leo hata shemeji yako ataonja," na mafuta yakilia kwenye kikaango, na harufu ya sato ikipanda juu ya ukuta kuja kwangu. Nikajiambia kwamba kukisia ni kukisia. Nikajiambia lori likishafika nani atalirudisha tupu. Nikabonyeza, nikatuma. Erasto akajibu baada ya muda mfupi: "Safi sana. Nawapa taarifa wa lori." Nikatoka nikala sato, na sikuwahi kula samaki mtamu kama yule, wala sijamsamehe.

Jua la mwezi ule lilikuwa halina wingu. Siku tatu za mwanzo sikuona kitu. Ijumaa niliona punje za upande wa machweo zimegeuka rangi, kahawia, kama ngozi ya mtu aliyeungua na chai. Nikaenda kwenye ile mizabibu kumi niliyoichuma mwenyewe wiki iliyotangulia, na hapo vichala vya upande ule vilikuwa vimekauka, vimekunjamana, vyepesi mkononi. Hakuna ugonjwa. Ni jua tu. Majani yalikuwa mwavuli, na sisi tulikuwa tumeyaona kama pazia. Jioni ile, kabla giza halijaingia, nikaingia jikoni. Mama Nyabwire alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba majani ndiyo yaliyokuwa yakizilinda, kwamba mashine ilizidisha mara mbili kitu kilichokwisha kuonekana chote, kwamba lori lile ni la uongo.

Hakuacha kuchekecha. "Umejua leo?"

"Ya kuungua nimeijua leo, mama."

"Na ile ya kuzidisha?"

"Jumatatu."

Chekecheke likasimama. Unga ukaendelea kushuka kidogo peke yake, kisha nao ukaisha. "Ulijua Jumatatu kwamba yale majani hayakutakiwa kutoka," alisema, bila kupandisha sauti. "Ungeniambia Jumatatu, ningezifunika Jumatatu. Ungeniuliza, mama, ulifanya nini? Tungekaa, tungewaza pamoja. Jua limekula siku nne, mwanangu. Ulinionea huruma ukanificha, nami nikakaa hapa nikikukaangia samaki." Nilianza kulia. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua iliyochelewa. "Machozi utalia ukiwa na mikono kazini," akasema. "Lete lile shuka."

Asubuhi yake jumuiya ikarudi shambani. Shuka la buluu lilikwenda kwenye mstari wa kwanza, likafungwa kwenye waya upande wa machweo. Kisha kanga, vitenge, mapazia ya sebuleni, mifuko ya mbolea iliyopasuliwa, kitambaa cha meza chenye maandishi ya Karibu Mgeni. Magesa alikuja akasimama mlangoni mwa shamba, mikono nyuma. "Shemeji, huu ni mnada?" Akatazama zile punje za kahawia kwa muda, akaigusa moja, ikapasuka kidoleni. Akaondoka. Nilidhani amekwenda kuita ukoo. Alirudi mchana na mkokoteni umejaa nyavu chakavu za dagaa, akaanza kuzikunja mara nne nne na kuzitundika. "Mbuzi wangu ndio waliokula nguo zao," alisema. "Siwezi kukaa kimya." Nguo zilipokwisha na mistari miwili ikabaki wazi, mwanamke mmoja akamnyooshea Mama Nyabwire kidole kichwani, kwa utani. Mama Nyabwire akakishika kilemba kwa mikono yote miwili. "Kanga zote chukueni. Hiki sikivui mara ya pili."

Nilimpigia Erasto nikiwa nimesimama juu ya jiwe, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Nilimwambia kila kitu, hata sehemu ya sato. Akasema, "Hii ndiyo hadithi uliyokuwa umeniwekea?" Na baada ya kidogo, kwa sauti nyingine, "Rudia picha. Zilizoungua usizihesabu. Na usizidishe." Tukarudia, mimi na Mama Nyabwire, mzabibu kwa mzabibu, yeye akiinua nguo kidogo, mimi nikipiga haraka, yeye akishusha. Hatukuongea. Hesabu ya kweli haikufika nusu ya lori. Nikaituma hiyo. Wa kiwanda walishukuru kwa kuambiwa mapema, na lori halikuja.

Sitaki kuliremba lililofuata. Zabibu zilizopona alizichuma, akaziuza kwa beseni sokoni Musoma, siku nyingi, akisafiri na kurudi. Kisha ukoo ukaja na majembe, kama walivyokubaliana. Waling'oa mistari kumi na mmoja. Walipofika wa kumi na mbili Magesa akaegemeza jembe lake kwenye waya, akasema mgongo unamuuma. Wenzake wakamwambia apumzike, wao wataendelea. "Mgongo wangu ukiuma, kazi imeisha," akasema, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa pale, kazi ikaisha. Mistari mitatu ikabaki, ile iliyotazamana na dirisha langu. Mimi niliondoka wiki iliyofuata. Mama Nyabwire alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea begi upande mmoja wa kamba, mimi upande wa pili. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kuuliza. Lakini kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, dereva fulani alinipigia kwamba kuna ndoo yangu stendi ya Bunda. Ndani yake zabibu, na juu ya zabibu majani mabichi ya mzabibu, mapana, yamelazwa moja juu ya jingine hadi kwenye ukingo, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala.

Haya yote yamenipitia leo nikigeuza picha, shuka baada ya shuka, vidole, viatu vya mpira. Adhuhuri ilikuwa imefika nilipofungua folda ya mwisho, ile ya kurudia, ambayo sikuwahi kuifungua tena toka siku nilipotuma hesabu. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Siku ile shuka halikuwa mikononi mwake. Lilikuwa kwenye mstari wa kwanza, likikinga jua. Na majani hayakuwepo ya kumficha mtu aliyesimama upande wa pili akiinua kanga.

Yumo. Yumo katika karibu picha zote za siku ile, bega, mkono, nusu ya shavu, na katika picha moja yumo mzima, kati ya waya wa juu na waya wa kati, kilemba cha zambarau kichwani, vichala vilivyoungua kushoto na vilivyopona kulia. Amechoka. Ananitazama. Miaka yote hii niliamini kwamba siku ile hakunitazama hata mara moja, kwa sababu mimi nilikuwa nikitazama vichala tu. Maduara ya njano bado yamo kwenye picha, programu ilivyoyachora, kuzunguka kila punje nyeusi yenye kung'aa. Mawili kati yake yako usoni kwake. Mashine iliyachukua macho yake ikayahesabu, zabibu mbili, na pembeni ikaandika kwamba zimeiva. Nakumbuka sasa kwamba jioni ile niliona hesabu ya mzabibu ule imezidi kwa mbili. Nikazitoa, nikiwa makini sana na ukweli, wala sikuinua macho kuona nilikuwa nikimtoa nani.

Nilimtumia Magesa picha mbili, moja ikiwa safi na nyingine ikiwa na maduara yake, nikamwambia achague ya kupeleka kwa mchapaji. Akaandika: "Hii yenye miwani ya njano. Hapa anaonekana anatuona."

Jumamosi ninakwenda Bukima. Nimelifua shuka la buluu nililokuwa nalo kitandani, siyo lile, ni lingine tu, nimelikunja. Kama jua litakuwa kali, nitasimama upande wa machweo wa jeneza nilishike.